Mikia Miwili

Kabla ya kuzaa, vitumbili wale wawili wa bustani ya wanyama walikaa bega kwa bega, mikia yao imesukwa pamoja kama ukili. Siku hizi dume ndiye anayembeba mtoto mgongoni. Jike humnyonyesha tu, akamrudisha, kisha huyoo, tawi la mbali.

Sikudhani, anayewalisha, alikuwa ameshafagia mbele ya banda lao mara tatu asubuhi hiyo, na bado hakutulia.

Mumewe, Machano, akaingia na mtoto wao mgongoni. "Mama Nasra, huyu ana njaa."

Akamnyonyesha wima, macho bandani. Mtoto aliposhiba, akamfunga tena kwa kanga mgongoni mwa baba yake, akaurudia ufagio.

"Kaa kidogo basi," Machano alisema, akiketi kwenye benchi. "Tangu ujifungue hujakaa nami."

"Kazi hazijaisha."

"Umeshafagia, mke wangu. Kumebaki nini?"

Sikudhani akaketi mwisho kabisa wa benchi. Ncha ya kanga ilikuwa imelala katikati yao. Juu ya tawi, mkia wa dume ulipapasa hewa tupu. Sikudhani akaishika ile ncha, akaizungusha kidoleni mara moja, mara ya pili, na ufagio bado uko mkononi.