Pembe ya Kusikilizia

Miaka yote wajawazito wa mji ule walikuwa wakiutazama uso wa Bi Tunu. Mkunga huyo alisimamisha pembe yake ya mti juu ya tumbo, akalaza sikio, nao wakabana pumzi mpaka atabasamu.

Leo Mwanahawa, mwenye mimba yake ya kwanza, hakumtazama. Semeni, muuguzi mgeni, aliipasha jeli viganjani ili isimshtue kwa baridi, akampaka tumboni, kisha akagusisha kimashine cha betri. Mapigo ya moyo wa mtoto yakajaa chumba kizima. Mwanahawa akabubujikwa na machozi.

"Ndiye huyo?"

"Ndiye, dada. Na ana haraka kweli."

Bi Tunu alikuwa kwenye kigoda, pembe mapajani, akimwonea Semeni wivu. Sauti ile aliijua kuliko sauti za wanawe, lakini hakuwahi kumsikilizisha mama hata mmoja.

"Kinapiga kelele kama cherehani bovu," alisema.

Semeni akacheka, akakizima. "Basi nawe msikilize, bibi. Mimi pembe hiyo bado hainiambii kitu."

Bi Tunu alitaka kukataa. Lakini Mwanahawa alikuwa amekwisha kuifuta jeli kwa upindo wa kanga, akalala akimngojea.

Akainama. Moyo aliupata papo hapo, wazi kabisa. Alipoinua macho, alimwona Mwanahawa amebana pumzi, anamtazama usoni.

Bi Tunu hakutabasamu bado. Alilaza tena sikio kwenye pembe, taratibu, na macho yale yakamfuata.