Nakala ya Mwaka Juzi

Siku hizi kichwa cha mtu hufungwa anapolala. Asubuhi mwenzake hutaja neno la siri, kisha huchagua nakala ya akili yake iliyohifadhiwa ya kumwamshia.

Mwanahamisi alikuwa amechoka kuchagua. Nakala ya mwisho ya mumewe Shekue ilikumbuka kila kitu, lakini kwa sababu ya sasisho bovu iliamka na kuutazama ukuta mpaka jioni. Nakala ya mwaka juzi ilikuwa nzima. Ilicheka, ilipika uji, ila haikuhifadhi jambo jipya wala haikumjua mtoto wao, maana ilihifadhiwa kabla mimba yake haijatungwa.

Akataja neno la siri na kuchagua ile ya mwaka juzi. Shekue akafumbua macho.

"Bibie, mbona umekonda hivyo? Chakula unampa nani?"

Mtoto akalia chumba cha pili.

"He! Wa nani huyo?"

Kila asubuhi Mwanahamisi alimweleza, na kila asubuhi Shekue alilia kwa furaha, akaapa hatasahau tena. Leo Mwanahamisi hakuwa na nguvu za kueleza.

"Wa jirani."

Shekue akaenda kumbeba, akambembeleza mpaka akanyamaza.

"Mzuri kweli. Mama yake anamfuata lini?"

"Jioni," alisema Mwanahamisi.