Jina la Namba Tisa

"Namba tisa," kamisaa wa mchezo alisema, akasoma jina.

"Nipo!" nikajibu.

Chumba kizima cha kubadilishia nguo kikanigeukia, mimi meneja wa timu, mwenye tai na goti bovu. Mshambuliaji wetu mpya alibaki na mkono hewani.

Siku ya mechi huwa situlii hata kidogo. Nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Goti lilinitoa uwanjani, ukocha viongozi wakaninyang'anya, wakanipa kalamu nijaze orodha za wenzangu.

Kocha alimpokonya kamisaa karatasi. Kwenye tisa palikuwa na jina langu, kwa mwandiko wangu mzuri.

"Mzee, umejipanga mwenyewe kikosini?"

"Kalamu imeteleza."

"Imeteleza herufi zote hizo?" Kipa akaangua kicheko.

Kamisaa hakucheka. "Aliyeandika ndiye anayefuta. Kata jina kwa mkono wako, uandike la mwenzako. La sivyo mtaingia kumi."

Nje filimbi ililia. Nilitafuta meza, hakuna. Ukuta ulikuwa umelowa. Miaka kumi na moja nimewaambia watu nimestaafu, na kumbe sijawahi kulikata jina hilo.

Mshambuliaji akaja mbele yangu, akageuka, akainama. "Andikia hapa, kaka."

Nikaweka karatasi juu ya ile tisa kubwa mgongoni mwake. Nikakata.

Nilipoanza kuandika jina lake, herufi zilienda mrama. Nikadhani ni mkono wangu. Kumbe ni mgongo wake uliokuwa unatetemeka.