Tonge Kavu

Mwiba wa samaki ulipomkwama Sikudhani kooni, mama mkwe wake, Bi Mwanakombo, alimfinyangia tonge kavu la ugali. "Meza bila kutafuna, litausukuma." Mwiba ulishuka kweli, lakini maumivu yakahamia kifuani.

Sasa walikuwa hospitali. Daktari aliibonyeza shingo ya Sikudhani iliyovimba, na ngozi ikalia chini ya vidole kama chumvi ya mawe inayosagwa.

"Hewa imeingia humu. Naona njia ya chakula imetoboka. Utakunywa dawa hii, itaonekana nyeupe tukikupiga picha. Ikivuja kwenye tundu, tunakupasua leo hii."

"Kwa tonge tu, daktari?" Bi Mwanakombo aliuliza. "Mbona sisi sote tumekua kwa kumezeshwa?"

"Tonge ndilo lililousukuma mwiba ukachana, mama."

Bi Mwanakombo aliuficha mkono wake wa kulia ndani ya kanga.

"Mama, naogopa," Sikudhani alinong'ona.

"Hata mimi, mwanangu."

Sikudhani akaingizwa peke yake chumba cha picha, akasimamishwa mbele ya mashine, akapewa kikombe cha dawa. Alifumba macho, akanywa. Kwenye skrini mstari mweupe ulianza kushuka taratibu, na nyuma ya kioo cha mlango Bi Mwanakombo alimeza mate pamoja naye.