Kelele za Kanga Kabla ya Tetemeko

Chui alipotawala mlimani, kila habari ilipelekwa kwanza pangoni kwake, na ilikuwa marufuku kuitangaza kabla hajaisikia yeye.

Asubuhi moja Fuko alisikia ardhi ikinguruma chini kabisa ya shimo lake. Akakimbia hadi pangoni, lakini Fisi, mlinzi wa mlango, akamzuia.

"Mzee amelala. Subiri aamke."

"Tetemeko halisubiri, bwana!"

Fuko akamwendea Kanga, aliyefukuzwa barazani kwa sababu hajui kunyamaza. "Dada yangu, leo usinyamaze."

"Tetemeko! Tokeni mapangoni!" Kanga akapiga kelele. Nyani na pimbi wakamiminika uwandani, watoto mgongoni.

Chui akatoka mbio kwa hasira, Fisi nyuma yake, ili amrarue Kanga. Kabla hajamfikia, mlima ukatikisika. Miti mikubwa ikayumba kama nyasi, majabali yakaporomoka, na pango la Chui likafukiwa lote. Kisha kukawa kimya. Hata nzi hakusikika.

Chui alikuwa bado anatazama lilipokuwa pango lake, mdomo wazi, Fuko alipomsogelea kwa adabu. "Mzee, lingine linakuja."

"Mbona unaniambia mimi?" Chui akanong'ona. "Mwambie Kanga!"