Tarishi wa Saa Mbili Asubuhi

Simu ilitetemeka mfukoni kwa mara ya tisa wiki ile, na kwa mara ya tisa Injinia aliiacha itetemeke. Alijua ni baba.

Mbele yake walibaki watu wawili. Foleni ilibanwa kati ya ukuta na makabati ya chuma, kwenye korido ambayo dirisha lake pekee lilikuwa lile la ofisi ya usajili, lenye nondo. Mkononi alishika fomu ya kuhama kozi. Kutoka: Kompyuta. Kwenda: Utunzaji wa Kumbukumbu. Sababu: kukosa nafasi ya mafunzo kazini.

“Wiki mbili bado zipo za kutafuta nafasi,” alinong'ona mwenzake wa chumbani, aliyemsindikiza. “Injinia, mbona unajizika ungali unapumua?”

“Nimeomba kampuni arobaini na mbili, dada. Arobaini na mbili! Hakuna hata moja iliyonijibu ‘hapana’. Mtu akikukataa angalau amekuona.”

“Labda huyo Tarishi wako anakula nauli.”

Injinia alicheka kwa pua tu. Tarishi ilikuwa programu aliyoiunda mwenyewe, kazi ya mikono yake aliyoipenda kuliko zote. Kila siku saa mbili asubuhi ilichukua kampuni moja kwenye orodha, ikatuma barua ya maombi, kisha ikaandika kwa rangi ya kijani: Imetumwa. Aliijaribu likizo iliyopita, akiwa ameketi kando ya cherehani ya baba yake, kwa kumtumia mzee barua moja. Heri kosa liishie nyumbani kuliko kwa mwajiri. Simu ya mzee ililia papo hapo. Baba alivaa miwani, akasoma, akacheka mpaka uzi ukamkatikia: “Leo nimeombwa kazi, jamani!” Aliporudi chuoni Injinia aliingiza orodha ya kampuni, akabonyeza, akaiacha ichape kazi.

Tatizo, alivyoliona yeye, lilikuwa moyo wake. Alipenda kuunda programu. Mhadhiri alisema mitandao ndiyo yenye nafasi nyingi. Mwenzake wa chumbani aliapa kwamba ulinzi wa data ndio wenye heshima. Mshika mawili moja humponyoka, na yeye alishika matatu: aliandika barua za aina tatu, Tarishi ikazituma kwa zamu. Sasa njia zote tatu zilikuwa zimenyamaza, na ukimya ule aliuelewa. Hafai kwa lolote.

Alishajaribu kumwambia baba. Aliishika simu, akaiweka. Kila mteja aliyeingia kwa mzee kupimwa suruali alitoka akijua kwamba binti wa fundi anasomea kompyuta na mwaka huu anaingia kazini. Utamwambiaje mtu wa namna hiyo kwamba dunia nzima imekuona, ikageuka upande wa pili? Ndiyo maana hakupokea. Kwanza fomu ipite, aseme jambo lililokwisha.

“Anayefuata!”

Karani wa usajili alikuwa mama mnene mwenye kalamu nyuma ya sikio. Aliisoma fomu kupitia nondo bila kuigusa.

“Nikishagonga muhuri hairudi, mwanangu. Ukija kesho unalia, mimi nitakuwa nalia na wewe tu, sina la kufanya. Umefikiri?”

“Nimefikiri, mama.”

“Haya, lete.”

Injinia aliisukuma chini ya nondo. Karani alishika ncha moja, mkono wa pili ukafungua kidau cha wino. Simu ikatetemeka tena, safari hii ikigonga kwenye kabati la chuma kama inabisha hodi.

“Pokea basi!” karani alisema. “Anayepiga hivyo ana msiba au ana mapenzi.”

Injinia alipokea kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa bado umeshika fomu.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mama yangu. Afadhali! Nikajua umenichukia.”

“Nikuchukie kwa nini, baba?”

“Si kwa kuwa nimechelewa kukujibu? Kuandika humu ndani ya simu siwezi, ndiyo maana nikawa napiga.” Nyuma yake cherehani ilisikika ikisimama. “Nimezisoma zote. Mpaka wateja wameshazoea. Ikilia saa mbili wanasema, fundi, miwani hiyo.”

“Zote zipi, baba?”

“Kweli nimejiuliza sana. Jumatatu moyo wako uko kwenye programu. Jumanne umehamia mitandao. Jumatano uko kwenye ulinzi wa nini sijui. Nikasema, moyo gani huu una miguu? Lakini mama, ile ya programu ndiyo uliyoiandika ukiwa unacheka. Hata mimi fundi nimeona.”

Injinia aliikumbuka anwani ya baba aliyoiweka Tarishi kwa majaribio; hakuwahi kuiondoa.

“Sasa sikiliza,” baba aliendelea, taratibu, kama mtu aliyelifanyia jambo mazoezi. “Kompyuta sina. Nina cherehani mbili, na moja mbovu. Lakini mwanangu mwenyewe aniite ‘Mheshimiwa Meneja’, hiki kibanda akiite ‘kampuni yako tukufu’, tena mara arobaini na mbili bila kukata tamaa? Nimekufagilia kona. Njoo Jumatatu, umekubaliwa.”

Karani alivuta fomu. Injinia hakuiachia.