Mraba Uliovuka Ua

Kila masika yalipokwisha, setilaiti ililinganisha picha ya mwaka huu na ya mwaka jana, mraba kwa mraba. Mraba uliopungua kijani ulipakwa rangi nyekundu, na nyumba iliyokuwa katikati yake ikafungiwa maji, adhabu ya kukata miti.

Mzee Mghanga alikuwa amekata mjohoro wake apate mbao za kitanda. Mti ulikuwa wake, lakini mraba ulivuka ua, na katikati yake ikawa nyumba ya jirani, Mama Wakio.

Asubuhi Mama Wakio alikuja na ndoo. "Mzee Mghanga, mimi sijachuma hata jani! Huo mtambo wao umelewa?"

"Mitambo nayo hukosea," alisema Mghanga, akamjazia ndoo.

"Mungu akuzidishie. Jirani kama wewe hapatikani."

Mghanga akafungua kinywa. Akikiri, bomba litakalofungwa ni lake.

"Kesho uje na ndoo kubwa zaidi," akasema, bila kumtazama usoni.